Habari za Jana

Jirani yangu wa meza kazini, anayesawazisha michezo ya vita ya kompyuta isiwe rahisi wala migumu mno, haangalii skrini wengine wakiijaribu. Humwangalia usoni anayecheza. Mchezaji akipiga miayo, ukungu unaoficha majeshi ni mwepesi mno; akisonya, umezidi. Vidole vyake hugonga kikombe kitupu mpaka jibu lije. Alipojaribu mchezo wa kwanza niliobuni, tukipambana yeye na mimi, jasusi wake alipenya ukungu akaona kambi yangu yote. Angenifagia. Badala yake akageuza kiti, akaukabili ukuta. “Panga upya, mdogo wangu. Sichungulii.” Nikahamisha jeshi. Akavamia mahema matupu, nikamzingira, akacheka hadi machozi. “Sasa mchezo umenoga! Uandike hivyo: jasusi alete habari za jana, adui apate muda wa kuhama.” Mungu amzidishie. Hadi leo, nikisikia kile kiti kikigeuka, najua kuna mbunifu mchanga mwingine anaokolewa.