Dada Asomaye kwa Sauti

Dada anayetuchapia sivii za kuombea kazi hatoi karatasi kabla ya kuisoma kwa sauti, kidole chenye wino kikifuata mistari kwenye skrini, foleni nzima tukisikia. Leo kijana mwenye tai alimnong'oneza aongeze shahada ya uzamili aliyoilipia tu mtandaoni. Akaongeza, kisha akaisoma vilevile, bila kupunguza sauti.

"Hongera, mwanangu!" mama mmoja nyuma yangu akafurahi kweli. "Ulisoma nini huko chuoni?"

Kijana akalegeza tai. "Ifute, dada. Kesho kwenye usaili nao wataniuliza hivyohivyo."

Dada akaifuta kwa kidole kidogo, kama anayepangusa vumbi, akaendelea kwa sauti ileile: "Cheti cha ufundi umeme."

"Hapo sasa," kijana akasema, kifua mbele, "waniulize mpaka wachoke."