Barua ya Wafula

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoegesha lori kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, mbali kupita Marsabit. Nikiikumbuka najikasirikia hadi leo. Nilikuwa dereva kijana wa Kariobangi, majivuno tele. Wale watu hawakuwa na simu wala posta, na maji waliyapima kwa kikombe, lakini mimi mgeni wakanipa ya kuoga.

Asubuhi Wafula, mchanganya zege, alinipa barua ya kumpelekea mkewe Rasoa, aliyeishi mtaa wa Huruma.

"Ndugu, redio imesema kambi yetu ilivamiwa na majambazi, watu wamekufa, lakini majina haikutaja. Mwambie mimi niko hai. Tafadhali usichelewe."

Nikamwapia, mbele ya wenzake wote.

Nikaichomeka barua juu ya kioo cha lori, nikaisahau. Hapana, nisijitetee: niliiona kila nilipowasha gari. Kutoka kwangu hadi Huruma ni mwendo wa miguu, lakini leo nimechoka, kesho kuna mpira, na wiki tatu zikaisha.

Nilipokwenda, jirani ndiye aliyenifungulia.

"Rasoa alienda Bungoma kwa kina mumewe kumwomboleza. Kampuni ilinyamaza, mwili haukuja, wakazika shina la mgomba badala yake, kama desturi yao."

Nikampa barua. Aliisoma, akanitazama toka juu hadi chini. "Umetembea na mtu hai mfukoni wiki tatu?"

Alituma habari Bungoma siku hiyo hiyo, lakini kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Wafula alipopata likizo nilimsindikiza mwenyewe. Mtu aliyekwisha kuzikwa haingii kwake hivi hivi, kwa hiyo alilala nje ya boma lake akisubiri wazee wamtakase, na watoto wake wakamchungulia kwa woga. Hakunitusi. Afadhali angenitusi!

Sasa wewe. Umerudi juzi kutoka huko huko kaskazini. Umekula chakula cha wasimika nguzo za umeme, wakarekodi salamu kwenye simu yako uwatumie jamaa zao, kwa sababu huko hakuna mtandao. Jana ukawaonyesha marafiki zako video hizo sebuleni mwangu, mkamcheka yule anayelia akimwita bintiye. Nilipokuuliza kama umezituma, ukanijibu, "Tulia, buda, nitatuma tu." Nitatuma tu! Huna haya? Watu wamekulisha, nawe unawageuza kichekesho!

Sikiliza. Ukipokewa na watu wa kazi walio mbali na kwao, ujumbe wao ndio mzigo wa kwanza kushusha, kabla hujavua viatu. Usiahidi ili upendwe, na ukishaahidi usingoje upate nafasi. Wewe hujui huku nyuma watu wanaambiana nini. Shika hiyo simu sasa, utume moja moja, nami sibanduki hapa hadi ya mwisho iende.

Ukimaliza, Mungu akubariki, na popote utakapokwama akuletee mpita njia atakayelifikisha neno lako nyumbani siku hiyo hiyo. Asikuletee mtu kama mimi nilivyokuwa.