Aliyehesabu Kompyuta, Asihesabu Kilichokuwamo

Saa mbili kasorobo asubuhi, mtunza mali amepiga goti chini ya meza ya mapokezi, tochi mkononi, akisoma namba iliyobandikwa mguuni mwa meza. Anaitamka, anailinganisha na daftari, anatia alama ya vema. Kisha anahamia kwenye kiti. Mgonjwa anayekikalia anaombwa radhi na kuinuliwa.

"Ukitulia dakika tano anakubandika na wewe," mpokezi anamwonya mgonjwa.

Katika karakana hii ya miguu ya bandia, wote humwita Kibandiko. Ana umri wa miaka hamsini na tisa, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia kuhesabu vitu vya ofisi, ambavyo sasa vimefika 1,640: tanuri, cherehani, viti vya magurudumu, kompyuta. Anajua kila kimoja kilinunuliwa lini, kiko chumba gani na nani alikipokea kwa sahihi. Hakijapotea hata kiti kimoja. Sifa hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayomtesa.

Ukutani mwa ofisi yake imeandikwa methali: mali bila daftari huisha bila habari. Methali haisemi lolote kuhusu mali inayokwisha huku daftari likiwa safi.

Miaka miwili iliyopita, kompyuta ya chumba cha vipimo ilitimiza umri wake, thamani yake daftarini ikawa sifuri. Kanuni zilitaka ifutwe daftarini. Fomu ilimtaka kwanza athibitishe kwamba mafaili yaliyomo yamehamishwa. Akaenda kwenye kompyuta mpya, akaona majina ya wagonjwa 211 yamepangika kwenye kioo, akayahesabu mara mbili, akatia alama. Kisha akaitoboa diski ya zamani kwa drili, matundu matatu, mbele ya mashahidi wawili, ili siri za wagonjwa zisivuje.

Hazikuvuja. Yale majina yalikuwa njia za mkato tu za kuyafikia mafaili. Mafaili yenyewe yalikuwa bado ndani ya diski aliyoitoboa. Nakala nyingine haikuwapo.

"Niliyahesabu majina, sikufungua hata moja," anasema. "Mtu wa stoo akipokea makasha, hufungua mawili matatu aone kama mna kitu. Hilo nimewafundisha wenzangu miaka yote. Kwenye kompyuta nikaona haya kuuliza, nisionekane sijui."

Fundi mkuu, mwanamke asiyependa maneno mengi, anasema kupima kigutu upya ni kazi ya saa moja. Kilichopotea ni masahihisho: hapa panabana, pale panachubua, punguza milimita mbili, ongeza tatu. Yalipatikana kwa miezi ya kujaribu.

"Yalikuwa maumivu ya watu," anasema. "Tuliyaandika ili wasiyarudie."

Wanayarudia. Mshonaji mmoja wa nguo, mama wa watoto watatu, mguu wake wa zamani ulipasuka miezi mitano iliyopita. Mpya umejaribiwa mara nne na bado haumkai. Amerudia magongo, na cherehani yake ya kukanyaga imefunikwa shuka. Leo amekuja kwa jaribio la tano. Kibandiko anamfungulia mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo vipi?"

"Panabana palepale. Ule wa kwanza ulinichukua miezi saba kuuzoea. Niliapa sitaipita tena njia ile."

"Mimi ndiye niliyeitoboa ile diski."

"Umeshaniambia mara tatu. Toba siwezi kuikanyagia, baba. Nataka mguu."

Kibandiko anaandika: unabana, upande wa nje, chini ya goti. Maandishi hayo sasa hutunzwa mahali patatu, hata katika jengo jingine kabisa.

Amefungua daftari la pili, la vitu visivyobandikika: mafaili, picha, leseni za programu, na jina la mtu anayewajibika kwa kila kimoja. Kila ofisi huiuliza swali moja: kitu gani kikipotea kesho mtashindwa kufanya kazi? Na kila Alhamisi hufungua nakala tatu mwenyewe, asome kilichomo. Mwezi uliopita alikuta ya mhasibu ni tupu.

"Kwani huniamini, mzee?" mhasibu alilalamika.

"Nakuamini. Nakala ndiyo siiamini."

Utaratibu huu ungemgharimu alasiri moja, miaka miwili iliyopita. Yeye mwenyewe ndiye anayelisema hilo, bila kuulizwa.

Wagonjwa 138 wamekwisha kupimwa upya; 73 bado. Wengine wamehama, wengine wamebadili simu, wengine huenda hawapo tena duniani. Atastaafu baada ya miezi minne. Ameuomba uongozi umruhusu aendelee mwaka mmoja bila mshahara, mpaka orodha iishe. Uongozi umejibu kwamba utalitafakari, jibu ambalo maofisini halijawahi kumharakisha mtu.

"Wakikataa, wagonjwa nitawatafuta kwa miguu yangu," anasema. "Mimi ninayo miwili."

Jumatatu anakwenda kwa anayefuata, mwalimu wa zamani ambaye simu yake haipatikani tangu mwaka jana. Fundi mkuu amekubali kufuatana naye.

"Nikimkuta hai," Kibandiko anasema, "nitamwomba radhi kwanza. Ndipo apimwe."