Siku Nilipovua Soksi ya Mkono

Kansa ilipoondoka kwenye titi langu la kulia, ilisahau kuuacha mkono salama. Hivyo ndivyo ninavyowajibu wanaoniuliza, maana maelezo ya muuguzi ni marefu: kwamba upasuaji ulichukua na tezi za kwapani, mionzi ikakaza njia zilizobaki, na sasa maji ya mwilini yakiingia mkononi hayapati pa kutokea. Mkono unajaa. Vidole vinakufa ganzi. Kuna siku siwezi kufunga kifungo cha blauzi, na kuna siku naangusha kikombe huku nakiangalia.

Niliambiwa hautapona kabisa, ila utatulizwa. Nikapewa soksi ya kubana, inayoanzia kiganjani hadi karibu na bega, niivae mchana kutwa. Hapa Ilongero, kwa jua la mwezi wa kumi, jaribu kuvaa soksi mkononi uone. Niliambiwa pia nisibebe ndoo kwa mkono huo wala kusonga ugali mzito. Ugali wetu ni wa uwele, na ugali wa uwele hausongwi kwa huruma. Siku hizi anayesonga ni mume wangu. Una madonge. Tunakula, na nimejifunza kunyamaza, jambo ambalo si la kawaida kwangu.

Ila kuna kunyamaza kwingine kulikoniponza. Binti yetu wa kwanza alipata mchumba kutoka upande wa Mgori. Kijana mwenyewe alijua habari zangu. Wazee wake hawakujua, nami nikaamuru wasiambiwe. Nilikuwa nimeyasikia maneno kisimani: kwamba kansa hutembea kwenye ukoo, kwamba ukioa nyumba ile umeoa na msiba. Niliogopa. Sikuogopa kufa kama nilivyoogopa mwanangu kukataliwa kwa sababu ya mwili wangu. Mume wangu akanikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamjibu kwamba mimi na kifo tulishaonana wodini, tukasalimiana, kila mmoja akashika njia yake.

Siku ya wageni kuleta posa niliivua soksi alfajiri, nikavaa gauni la mikono mirefu. Nikanyonyoa kuku, nikapika mchuzi, na kwa ubishi wangu nikausonga na ugali mwenyewe, maana wakwe hawalishwi madonge. Kufikia saa sita mkono ulikuwa umeumuka kama unga uliolala na hamira, na mshono wa gauni umezama kwenye nyama.

Aliyewaongoza alikuwa shangazi wa kijana, mama mmoja mrefu, mtu mzima, ndiye aliyemlea tangu utotoni. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanyoosha mkono. Huku kwetu salamu haina haraka: mtu anakishika kiganja chako na kukibana, anauliza mvua, anauliza alizeti, anauliza ng'ombe, na hakuachii hadi habari ziishe. Nikakiona kile kiganja chake kilichokomazwa na jembe, nikayawaza maumivu, nikampa mkono wa kushoto.

Mtu hapewi mkono wa kushoto, sembuse mzee. Wa kwake ukabaki hewani, kisha akaurudisha ndani ya khanga. Nikasema nimeungua na uji. Akasema pole, kwa sauti isiyokuwa na pole ndani yake. Mume wangu akakohoa, akaanza kuzungumzia ubovu wa barabara.

Chakula kilipotengwa nikaona nirekebishe mambo kwa kumnawisha mwenyewe. Nikashika jagi kwa mkono wa kulia, kama inavyotakiwa. Vidole havikuniambia kama vimeshika au havijashika. Jagi likateleza, maji yote yakammwagikia shangazi mapajani. Akainuka, na wenzake wakaanza kutafuta viatu kwa macho.

Binti yangu alikuwa chumbani, kwa kuwa mchumba hatoki mpaka aitwe. Akatoka bila kuitwa, ameshika soksi yangu. Akapiga magoti mbele yangu, si mbele ya wageni, akaupandisha mkono wa gauni hadi begani na kuanza kunivisha taratibu, kuanzia kiganjani. Nikamnong'oneza aache. Hakuacha.

"Mama alikuwa na kansa ya titi," akasema bila kugeuka. "Akatibiwa, mkono ukabaki hivi. Hakuungua. Mkitaka kuondoka ondokeni, lakini muwe mnajua."

Nikalia. Sikulia hospitalini, sikulia nywele zilipopukutika. Nililia pale, mbele ya wakwe, kwa hasira na aibu na kwa jinsi nilivyompenda yule mtoto.

Shangazi alibaki amesimama, khanga yake inadondosha maji, akiutazama mkono mpaka soksi ilipofika juu. Kisha akazunguka meza, akaja upande wangu, akanyoosha mkono wake wa kushoto.

"Mkwe," akasema, "tuanze salamu upya."

Nikaupokea kwa mkono wangu wa kushoto. Akanibana kwa nguvu zote za jembe, akauliza mvua, akauliza alizeti, akauliza ng'ombe, wala hakuniachia hadi habari zote zilipokwisha.