Themanini ya Papa

Kwa karibu mwaka mzima baba yangu aliendesha gari kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa, na kwa karibu mwaka mzima pikipiki zilizobeba magunia ya mkaa zilimpita. Hakujiuliza. Alisema tu kwamba vijana wa siku hizi wana haraka ya kaburi. Siku moja karibu na Malava tulipitwa na gari la maiti, waombolezaji wakiimba na kutupungia mikono. Nikamtazama.

"Hata hao," akasema, "sasa wanakimbilia nini?"

Kwetu Kabras baba tunamwita Papa, naye huniita mimi bintiye 'mama'. Gari lake ni saluni ya Kifaransa iliyotengenezwa kabla sijazaliwa na ambayo, nasema bila uchungu, imeoshwa mara nyingi kuliko mimi. Tangu mama atutoke, gari hilo ndilo lililokuwa likimtoa nyumbani: Jumapili kanisani, siku za soko sokoni, na matanga yote, ya ndugu na ya watu asiowajua vizuri.

Ndiyo maana nilikasirika kaka yangu aliponipigia simu kutoka Nairobi. Alikuwa ameambiwa na watu jinsi Papa anavyotambaa barabarani. "Mzee amechoka," akasema. "Mwisho wa mwezi nakuja kuchukua ufunguo. Gari liuzwe." Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hakuna kinachonichefua kama jibu lisiloonyeshewa njia. Nikamwomba wiki mbili.

Jumapili iliyofuata nilikaa kando ya Papa na simu mapajani, ikipima mwendo. Mshale wa spidomita ulisema themanini. Simu ilisema sitini na nne. Nikamwonyesha.

"Hiyo simu imetoka ng'ambo," akasema. "Inajuanga barabara ya Malava?"

Hapo nikakumbuka difu, lile bakuli la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. La zamani lilikuwa likilia kama fisi, na kwa kuwa la aina yake halikupatikana, mwaka uliopita fundi wetu wa Kakamega mjini alitia la pikapu. Difu ya pikapu inavuta mzigo vizuri, lakini injini lazima izunguke zaidi ili gurudumu lizunguke kidogo. Mshale nao haujui habari za magurudumu. Unasikiliza gia boksi tu, na gia boksi ikikimbia, unaamini gari linakimbia.

Tukaenda kwa fundi. Nikamuuliza kwa nini alibadilisha difu akaiacha spidomita vilevile.

"Mwalimu, mzee aliniambia anataka gari lipande mlima," akajibu bila haya. "Hakusema anataka kujua linapanda na ngapi."

Papa alikataa katakata spidomita iguswe kwa neno la simu. Yeye alikuwa mpimaji wa mashamba ya miwa miaka yote ya kazi yake, akisukuma gurudumu lenye mpini mrefu linalolia 'tik' kila mita. Gurudumu lenyewe alistaafu nalo, na sijawahi kuuliza kwa ruhusa ya nani. Akaamua tupime kilomita moja kamili barabarani, tuchore mstari mwanzo na mwisho, kisha gari lipite tuone namba zake za kilomita zinasemaje.

Jumamosi asubuhi akavaa gambuti na kofia yake ya kazi, akaanza kusukuma. Mimi nyuma na mkebe wa rangi nyekundu. Ningepaswa kujua. Kwetu, mtu mwenye gurudumu na rangi nyekundu kando ya barabara hapimi spidomita.

Hatujafika mita mia tatu, mama mmoja akatoka mbio, mikono ina unga. "Mzee, barabara inapanuliwa?" Papa, ambaye hasemeshwi akihesabu, aliinua mkono tu, na ukimya huo ukamtosha mama kama tangazo la serikali. Kwenye mia tano tulikuwa na msafara. Mzee mmoja alituonyesha kaburi la mama yake na kutuonya kwamba halihamishwi bila fahali. Jirani yake alikuwa anapanda migomba ukingoni mwa lami, udongo bado mbichi, huku akiapa kwamba babu yake ndiye aliyeipanda. Kwenye mia saba nilikabidhiwa ingokho, jogoo mzima, miguu imefungwa.

"Jamani, tunapima spidomita ya gari la Papa," nikasema.

Wakacheka. "Mwalimu, usitufichange mambo," akasema mwenye migomba, akaniomba niandike jina lake kwenye orodha ya fidia. Nikaliandika. Ningefanya nini?

Nilimnong'oneza Papa awaambie ukweli. "Nitapoteza hesabu," akasema, na akaendelea kutembea kifua mbele, kijana kuliko nilivyomwona tangu mazishi ya mama.

Jogoo tulimrudisha kwa shida. Kisha tukaingia garini, tukaenda kutoka mstari hadi mstari. Namba zilisema kilomita moja na robo. Papa akashuka, akaukagua mstari, akalikagua gurudumu.

"Mita ya gari inadanganya," akasema.

"Kwa robo nzima. Themanini yako ni sitini na nne, Papa."

Akacheka mpaka akaegemea boneti. "Kumbe si uzee!"

Kicheko changu kikakatika. Nilidhani kaka aliyasema yale kwangu peke yangu. Papa alikuwa ameyasikia, au alikuwa amejiambia mwenyewe, na kila Jumapili alikuwa akiendesha nayo.

Dawa ilikuwa gia ya plastiki isiyozidi kidole gumba, inayokaa mwisho wa waya wa spidomita. Yetu ilikuwa na meno kumi na sita. Tulihitaji ya meno ishirini ili mshale upunguze mbio zake. Fundi aliipata katika ileile pikapu iliyotoa difu, ambayo muda wote huo ilikuwa nyuma ya kibanda chake. Nikamuuliza kwa nini hakuichukua siku ile. Akasema siku ile hakuna aliyeiomba.

Tukashika njia ya nyumbani. Papa alikwenda mwendo wake wa siku zote, na mshale ukasimama sitini na nne. Alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

"Sasa tia themanini," nikamwambia. "Ile ya kweli. Nimpigie kaka simu."

Akakanyaga. Sabini. Akausogelea usukani. Sabini na tano. Mbele yetu kulikuwa na trekta la miwa, mbali kabisa, halafu ghafla halikuwa mbali. Alifunga breki tukiwa tumekaribia hadi niliona panga lilipokata kila muwa. Trekta likaenda zake. Papa akaliegesha gari kando ya barabara, akakaa akitazama mbele.

"Barabara inakuja haraka," akasema.

Nilitaka kusema breki ndizo mbovu. Niliichukia hesabu yangu, na kila hatua niliyoionyesha.

"Ile themanini ingine ilikuwa nzuri," akasema polepole. "Mwambie kaka yako umeshinda. Mita ndiyo ilikuwa mbaya."

Akazima injini, akachomoa ufunguo, akauweka kiganjani mwangu na kunifunga vidole. Akashuka. Akazunguka mbele ya gari, mkono juu ya boneti, akaja kusimama kwenye mlango wangu. Mimi sikusogea. Nilikuwa natafuta hoja ya kumrudisha. Akagonga kioo kwa kidole.

"Toka hapo, mama," akasema. "Umekalia kiti changu."