Sherehe ya Dada wa Kwenye Tivii

Saluni yangu ilikuwa Bunda, upande wa stendi, chumba kimoja chenye mlango wa bati. Nilikuwaga na vitu viwili vya kuringia: drayer ya kukaushia nywele na tivii ndogo ya rangi. Soko huria lilikuwa limekolea. Vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu kwa waliosafiri, sasa vilikuwa vinauzwa juu ya meza kando ya barabara. Mume wa jirani yangu, mwenye duka la vyombo, alikuwa amefunga ungo wa kunasia tivii juu ya paa lao, na jirani akaniruhusu nivute waya mpaka kwangu. Mimi nikawa namsuka bure, yeye na mabinti zake.

Kila Jumamosi jioni saluni ilijaa watu waliokuja kumwangalia mwigizaji mmoja. Sisi tulimwita Dada tu, utadhani kazaliwa kwetu. Aliigiza mfanyakazi wa ndani mwenye mdomo. Bosi wake akimtamkia neno, yeye anashika kiuno, anasema, "Sikiliza nikwambie," halafu anaanza. Weee! Vigelegele mpaka stendi. Mimi nilikuwa mtu wa kunyamaza, mteja ananisemea ovyo naitikia ndiyo, ndiyo. Kwa Dada nikajifunza kushika kiuno. Wateja wakaanza kuniogopa kidogo, na sitaficha, nilipenda.

Wakati huohuo Musoma nilikuwa na shangazi, dada wa baba, ndiye aliyenilea. Alifanya kazi kiwanda cha nguo, kwenye mashine za kufuma, tangu mimi sijaanza shule. Kelele za zile mashine zilimharibu masikio. Ukitaka akusikie unapaza sauti, na yeye akikuita wewe, mtaa mzima unaitika. Hakujaliwa mtoto. Miaka ile ya shida, sabuni foleni, sukari foleni, alikuwa akitoka zamu anakwenda kupanga foleni ya khanga, yeye anayefuma nguo kutwa! Nilikuwa namcheka. Ananiambia, "Cheka tu, ila hiyo sare ya shule uliyovaa nimeipangia foleni hiyohiyo."

Kisha likaja hili la kupunguza wafanyakazi. Kiwanda kinatafutiwa mwekezaji, wakasema, na majina yakabandikwa ubaoni. La shangazi lilikuwemo. Akapanda basi akaja Bunda kunieleza. Akakaa chini ya drayer kama mteja, mikono mapajani.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanatuaga," alisema, na sauti yake ile. "Kuna soda, kuna kitenge, na mpiga picha atakuwepo. Wenzangu wanakuja na watoto wao. Mimi nina wewe. Uje usimame na mimi, picha isiwe ya mtu mmoja."

"Nitakuja, shangazi."

"Kweli?"

"Jamani shangazi! Nitaachaje?"

Alifurahi, akanywa chai, akapanda basi akarudi. Maisha yake yote hakuwahi kuniomba kitu, hicho ndicho alichoniomba.

Haikupita hata wiki, jirani akaingia saluni na gazeti la juzi yake, kajishika kifua kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Dada anaondoka kwenye mchezo. Gazeti lilieleza safari yake yote: alivyoanza kwenye kikundi cha ngoma, akaenda redioni ambako watu walijua sauti yake bila kujua sura, ndipo akafika kwenye tivii. Sasa anaacha, ataonekana mara ya mwisho Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Mtu katufurahisha hivi, aondoke kimyakimya?" jirani aliuliza. "Aka! Tumfanyie sendofu."

Mtu wa mbali atatuona wehu, kumfanyia sendofu mtu asiyejua hata Bunda iko wapi. Lakini sisi kwetu bibi harusi anaagwa, mwalimu anaagwa, hata mpangaji mwema anaagwa kwa soda. Kumwacha Dada hivihivi ingekuwa utovu wa adabu. Wateja wote wakakubali palepale, na mimi nikakubali kwa sauti kuliko wote.

Nilijua ni siku ileile. Sitaki kujitetea kwamba nilichanganya tarehe, sikuchanganya. Bunda na Musoma si mbali, ningetoka asubuhi, nikasimama kwenye picha, nikarudi pilau halijaiva. Na nilipanga hivyo, kweli. Lakini asubuhi kulikuwa na viti vya kuazima, keki ya kupamba, na risala haijaandikwa, nani mwingine ataandika? Basi la kwanza likapita kalamu ikiwa mkononi. La pili likapita napuliza maputo. Lililofuata nililiona vizuri kabisa, nikageuza uso. Nikajiambia, shangazi ataelewa. Hilo neno tunalitumiaga kwa watu wanaotupenda tu, maana wale wengine tunawaogopa.

Saluni ilipendeza, hilo lazima niseme. Tivii tuliiweka juu ya meza kuu, tukaitandikia kitambaa cheupe cha kudarizi, maua ya plastiki huku na huku. Mbele ya meza tukaweka kiti kimoja kilichofungwa utepe, cha mgeni rasmi. Jirani alisema sherehe isiyo na kiti cha mgeni rasmi ni kikao cha umbea tu, na mchezo ukianza tutakisogeza. Keki iliandikwa HONGERA KWA KAZI. Tulibishana nani atalishwa kipande kwa niaba ya Dada, nikashinda mimi.

Jioni watu wakajaa. Mchezo ulikuwa bado kidogo kuanza, nikasimama kusoma risala. Nilikuwa nimefika pale pa "umesimama kazini bila kuchoka", mlango wa bati ukalia, shangazi akaingia na begi.

Alikuwa kavaa kitenge kipya, mikunjo yake haijanyooka. Alitazama maputo. Akatazama viti. Akatazama keki, nikaona midomo yake inasoma herufi mojamoja. Uso wake wote ukabadilika.

"Jamani!" akasema, na sauti ya kiwandani. "Kumbe ndiyo maana hukuja!"

Akanisogelea, begi bado mkononi.

"Nimekusubiri pale getini mpaka watu wameisha. Mpiga picha nikamwambia, subiri kidogo, mtoto wangu yuko njiani. Akasubiri, akasubiri, akachoka mwenyewe. Nikasema basi, huyu mtoto anaumwa, nikapanda gari nije nikuangalie. Kumbe mnanipikia!"

Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, anajifuta kwa pindo la kile kitenge. Akatushika mikono mmojammoja, asante mwanangu, asante mama, Mungu awabariki. Kisha akaenda mbele, akaketi kwenye kiti chenye utepe.

Pale nilipewa nafasi, na ndiyo inayoniuma mpaka leo. Ilikuwa nifunge mdomo tu. Keki ilisema hongera kwa kazi. Risala haikuwa na jina. Watu wote mle ndani walikuwa tayari kumpa ile sherehe, niliwaona nyusoni. Jirani alishainua kisu cha keki, ananikonyeza, kama kusema endelea, endelea kusoma. Risala yenyewe, ukiisoma vizuri, ilikuwa ya shangazi kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Lakini muziki wa mchezo ukaanza. Na kichwa cha shangazi, na kilemba chake, kilikuwa katikati ya kioo cha tivii.

Nikashika kiuno.

"Shangazi, sikiliza nikwambie. Sherehe si yako. Unatuziba."

Hakusikia. Akanigeukia anatabasamu, mkono nyuma ya sikio. "Ee?"

Mtu mwenye moyo angepata aibu hapo, akasema hamna kitu shangazi, kaa tu. Mimi nilirudia. Nilirudia kwa sauti kubwa, nimeinama karibu na uso wake, neno kwa neno, mpaka wapiga debe wa stendi wakasikia. "Sherehe si yako, shangazi! Ni ya huyu wa kwenye tivii! Anaondoka kazini! Tunamuaga yeye!"

Alinitazama kidogo. Akageuka, akamtazama Dada kwenye kioo, akamtazama sana. Halafu akainuka, akakisogeza kile kiti mwenyewe, taratibu, asivuruge utepe.

"Hee, samahanini," alisema. "Nimewaziba."

Akaenda nyuma kabisa, akakaa kwenye benchi, begi kalipakata.

Dada siku hiyo aliigiza kuliko siku zote. Alimwambia bosi wake yote aliyokuwa nayo moyoni, akafunga vitu vyake, akatoka getini bila kugeuka nyuma. Watu walipiga vigelegele, lakini si kama tulivyozoea. Nililishwa keki, nikaitafuna. Nilipogeuka nilimwona shangazi anapiga makofi, kwa nguvu kuliko sisi wote, anamwangalia Dada tu. Baadaye jirani alimpelekea sahani ya pilau, akala, akashukuru. Watu walipotawanyika nilimkuta uani amekunja kitenge kipya magotini, anaosha masufuria ya sherehe.

"Acha shangazi, nitaosha mimi."

"Wewe umechoka," akasema. "Umefanya kazi kubwa."

Asubuhi nilitaka kusema neno. Kulikuwa na mteja anasubiri kuwekwa dawa ya nywele, na shangazi alikuwa anawahi basi. Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi huohuo akafunga chumba chake cha Musoma, akahamia Butiama kwenye shamba la babu.

Jirani hakunisema. Afadhali angenisema. Alikuja Jumamosi iliyofuata kama kawaida, ila hakuketi karibu nami kama alivyozoea. Kiuno sikukishika tena. Dada aliendelea kupanda. Mara gazeti limeandika yuko Dar es Salaam anaigiza kwingine, mara picha yake kubwa, kacheka, kapendeza. Nilimfurahia, nasema kweli, namfurahia mpaka leo, alistahili. Ila kila nikimwona nilikuwa nauona na ule mkono wa shangazi nyuma ya sikio, nikalikunja gazeti.

Mwaka uliofuata, wakati wa palizi, nikafunga saluni nikaenda Butiama kuomba radhi. Maneno niliyaandaa tangu Bunda, nayarudia kwenye gari midomo inacheza, kondakta ananitazama. Nilimkuta shangazi kwenye mihogo. Amekonda kidogo, lakini mkono wake na jembe ulikuwa bado mwepesi. Alinipokea kwa kelele zake zilezile, akaniletea jembe la pili, tukaanza kulima bega kwa bega. Nikajipa moyo. Nikasimama wima, nikapaza sauti ili anisikie vizuri.

"Shangazi, nina neno."

"Na mimi nina neno, limenikaa tangu siku ile," akasema. "Naogopa kukuuliza, nitaonekana mshamba."

Nikaliweka jembe chini. Nikasema, niulize tu, nastahili.

"Yule mwenzangu alipata kazi nyingine?"

"Nani, shangazi?"

"Yule binti wa kwenye tivii. Yule mliyemuaga, naye alipopunguzwa." Alikuwa ameegemea mpini, ananitazama kwa wasiwasi wa kweli. "Maana nililala namuwaza. Mimi nilikuwa na hili shamba la kurudia. Yeye nikasema, sijui kama ana kwao. Nikasema afadhali hata watoto wangu wa Bunda wamempikia, asione ameondoka kama mbwa."

"Alipata, shangazi," nikasema. Hakusikia, ikabidi nipige kelele shambani pale. "Alipata! Nzuri kuliko ile!"

"Ah, afadhali," akasema, akapumua. "Haya, na wewe ulitaka kusema nini?"

Nilimwambia palizi ya mwaka huu nzito. Akacheka, akasema ndiyo, mvua ilikuwa nyingi, tukainama tukaendelea.