Gari Kipara la Kaka Athmani

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo ikinijia mpaka leo nacheka peke yangu, halafu machozi yananilenga. Ni asubuhi ile kaka yangu Athmani alipolisukuma gari lake kutoka uani mpaka mbele ya mlango wetu pale Bofu, Likoni, akamwita mama atoke alione. Uhuru ulikuwa bado, lakini habari zake zilikwisha kujaa kila baraza, na vijana wa Likoni kila mmoja alikuwa na jambo kubwa analolishughulikia. La Athmani lilikuwa gari.

Ngoja kwanza nikwambie gari lenyewe lilitakiwa kwa nini. Mama alikuwa na dada yake mkubwa, Bi Zuhura, aliyeolewa Kisauni. Kwenda kwake kutoka kwetu ni kuvuka feri, kuupita mji mzima, kisha kuvuka tena daraja la Nyali, lile lililokuwa likielea juu ya maji siku hizo. Bi Zuhura alishikwa na maradhi ya macho, nuru ikawa yapungua kila uchao, na kila aliyetoka kule alikuja na salamu zile zile: "Mwambieni Mwanasha aje nimwone, n'kali naona bado." Mama naye magoti yalikuwa yamemkatalia. Ngazi za basi hakuziweza, na kubebwa hakutaka hata kukusikia. Alikuwa akizipokea salamu zile, anaitikia, kisha anaingia jikoni kukuna nazi ambayo hakuna aliyeihitaji. Siku moja Athmani akaapa mbele yetu kwamba atampeleka mwenyewe, kwa gari lake mwenyewe.

Athmani alikuwa akifanya kazi gereji moja huko mjini. Akapata gari dogo la mzungu lililogonga mnazi. Pua ilikuwa imebondeka na milango imepinda, lakini injini, fremu ya chini na magurudumu vilikuwa vizima. Yeye na rafiki zake wakavuka nalo feri, wakalisukuma kulipandisha kilima cha Likoni kwa kelele nyingi, watu wakidhani ni harusi. Pale uani akalivua bodi yote kwa msumeno na patasi, ikabaki fremu na injini juu ya magogo, kama samaki aliyekwisha kuliwa. Juu ya mifupa hiyo akaanza kujenga gari jipya. Alichonga mbao zikafuata mkunjo alioutaka, akapiga mabati kwa nyundo juu ya gunia la mchanga mpaka yakaviringana, akajaza viti usumba wa nazi. Rangi aliipuliza kwa bomba la dawa ya mbu, na kuku mmoja alitembea kijani kwa muda mrefu. Nguo zetu zilikosa pa kuanikwa, na mama hakulalamika hata mara moja. Alimpelekea chai huko huko chini ya gari, na kwa kuwa alichokiona ni miguu tu, alizungumza na miguu: "Kunywa baba, itapoa."

Lakini ukutani, mwanangu, kulikuwa na picha. Athmani aliikata katika gazeti la kizungu: gari jeupe lisilo na paa, bibi wa kizungu amekaa ndani, nywele zimepeperuka. Hilo ndilo alilolifuata, mkunjo kwa mkunjo. Paa la gari la yule mzungu lilikuwa zima, halina hata kovu, ila picha haikuwa na paa, basi Athmani akalikata akalitupa nyuma ya choo, na kuku wakahamia. Mimi nilimshikia mabati siku zote hizo, na unanijua ulimi wangu haulali, lakini hilo halikunipitia akilini kabisa. Tulikuwa tumelewa na gari.

Basi asubuhi ile mama akatoka, kajitanda buibui lake, akasimama kizingitini. Gari lilikuwa linang'aa. Athmani alikuwa amevaa shati jeupe na kaufungua mlango, anatabasamu mpaka masikioni. Mama akalitazama mbele, akalitazama nyuma, kisha akainua macho juu, ambako hakukuwa na kitu ila mbingu.

"Mashallah," akasema. "Na mimi nikae wapi?"

"Hapa, mama. Mbele, karibu nami."

"Hapa?" Sauti hakuipandisha. "Mwanangu, mimi tangu niolewe sijakaa barazani kwangu mchana. Wewe wanitilia baraza magurudumu, wataka kunizungusha nalo mji mzima?"

Nyinyi wa leo mwacheka, na mcheke, mimi pia nacheka. Lakini jueni kwamba wanawake wa nyumba zetu siku hizo walitoka jioni, wamejifunika, wakipita vichochoroni. Mwanamke wa umri wa mama kukaa wazi juu ya gari, mchana kweupe, wanaume wote wa feri wakimtazama, lilikuwa jambo lisilokuwepo. Athmani alilijua hilo tangu anyonye. Wallahi alilijua, na picha ikamsahaulisha.

Akaanza kujitetea. Akasema dunia yabadilika, uhuru waja, na wanawake nao watatoka waonekane.

"Atakayetaka atatoka, na Mungu amhifadhi," mama akamjibu. "Mimi nataka kumwona dada yangu. Gari hili umemtengenezea yule bibi wa ukutani, ambaye humjui jina. Mimi ndiye uliyenizoea tangu kuzaliwa, na hukuniuliza hata neno moja."

Akageuka akarudi ndani. Nilimfuata nikamkuta ameketi kitandani analia, nikadhani ni kwa hasira. Kumbe analia kwa ile miguu aliyokuwa akiipelekea chai. "Amejichosha sana mwanangu," akaniambia. "Nami nimemvunja moyo."

Athmani alikaa ndani ya gari lake peke yake hata adhuhuri. Kisha akaingia uani, akaibandua picha, akaenda nyuma ya choo kuwafukuza kuku. Lile paa aliliosha, akalinyoosha, akalifunga kwa boliti juu ya gari lake jipya. Halikupatana nalo hata kidogo. Gari likawa kama mtoto aliyevaa kofia ya babake, na vijana waliokuwa wakiliita gari kipara wakatafuta jina jingine. Mimi nikashona mapazia kwa leso mbili za mama, nikayatia uzi wa kuyavutia, na Athmani akataka ncha ya uzi ikae upande wake, ili ayafunge vizuri mwenyewe. Safari hii alikumbuka kuuliza.

"Ncha nipe mimi," mama akasema.

Tukaondoka. Kwenye feri mapazia yalikuwa yamefungwa kabisa, mama na tasbihi yake mkononi. Mjini vilevile. Tulipolimaliza daraja na kuingia barabara ya Kisauni, ambako nyumba zilikuwa chache na watu wachache, nikaona kidole kimoja cha mama kimeushika ule uzi. Akauvuta kidogo, kisha akauvuta wote. Upepo ukaingia. Mama akatoa uso wake nje, akaangalia minazi, mashamba, na watoto waliokuwa wakikimbilia gari, akakaa hivyo kitambo kirefu.

"Kumbe yote haya mwayaona nyinyi peke yenu!" akasema, na Athmani ikabidi asimamishe gari, maana machozi hayakumwacha aione njia.

Bi Zuhura alikuwa amewekewa kiti mlangoni. Aliushika uso wa mama kwa mikono miwili, akausogeza karibu kabisa na macho yake. "Umezeeka, Mwanasha," akasema kwa furaha, na mama akamjibu, "Alhamdulillahi, waniona." Baadaye nuru ya macho ya Bi Zuhura ilizimika kabisa, lakini sura ile alikuwa amekwisha kuiweka moyoni.

Mwanangu, nakuona nawe una mikono ya mjomba wako Athmani, huwezi kuona kitu bila kutaka kukifungua. Jenga. Lakini unapomjengea mtu umpendaye, nyumba au gari au maisha, nenda ukamuulize kabla hujashika msumeno, kwani kumpenda hakukutoshi kujua anachotaka. Ukishamwekea pazia lake, mpe yeye uzi wake, wala usiuvute kwa niaba yake, hata uone ni kwa kheri yake. Siku akitaka kuangalia nje ataangalia, na utafurahi kuwa uko karibu.

Mungu aibariki mikono yako, akupe wa kukuletea chai ungali chini ya gari, na akufikishe kwa uwapendao macho yao yangali yaona.